Karibu Nyumbani, Gasper

Mdogo wangu Clever alikuwa akitengeneza tovuti palepale nyumbani kwetu Kitaji, Musoma, kwenye meza ninayokatia vitambaa. Yeye na kompyuta yake, mimi na cherehani yangu, na mkewe Hyasinta jikoni anasonga ugali, mtoto mgongoni. Nilizoea kumtania kwamba kazi yake haina hata uzi wa kushika. Siku hiyo jua lilikuwa kali, sato anachemka, na sikuwa na wasiwasi wowote.

Simu yake ikaita. Alikuwa Mama Jenoveva, mwenye nyumba ya wageni kule Mwitongo, Butiama. Tovuti yake Clever alikuwa ameimaliza juzijuzi tu.

"Mwanangu, hili neno 'Nimelowa' huku chini ni la nini? Wageni wananiulizaga."

Clever akacheka. Alinieleza, maana mimi napenda kujua ya watu, kwamba ukurasa wa tovuti haukatwi kwenye kitambaa kimoja. Kichwa kina faili lake, picha zina lake, sehemu ya chini ina lake, halafu vyote vinaunganishwa kama mikono na kola ya shati. Kulikuwa na kitufe ambacho akikiwasha, kila sehemu inaonyesha jina la faili lililoizaa na folda linamokaa. Akakiwasha. Kichwa, sawa. Picha, sawa. Akasogeza mshale hadi kwenye lile neno.

ziwani/gasper

Kicheko kikamkauka.

Gasper ni kaka yetu. Alizama na mtumbwi kabla Clever hajamfahamu Hyasinta, na mwili haukupatikana. Kwetu, mtu akipotelea majini, shina la mgomba huvikwa sanda likazikwa badala yake, ili naye apate pa kukaa. Mama alitusihi tufanye hivyo. Clever alikataa katakata, akasema hawezi kumzika ndugu yake akiwa hai. Tulimwonea huruma, tukaacha. Tumaini nalo lina ukatili wake.

"Kuna mtu ananichezea," alisema. Akaitafuta folda ya ziwani kompyuta nzima. Haikuwepo. Akafuta ukurasa, akaupandisha upya. Neno likarudi. Akaligusa tena kwa mshale.

nyamuswa/gasper

Nyamuswa ndiko kwenye boma la baba yetu, anakoishi mama. Nikampigia. Mama hakunisalimia hata.

"Mlangoni kuna nyayo za maji," alinong'ona. "Mvua haijanyesha. Ng'ombe wamegoma kutoka zizini. Dorkas, huyo Clever amefanya nini?"

Nilimgeukia Clever. Akainamisha uso. Alipokuwa akijaribu salamu ya juu ya ukurasa, alihitaji jina lolote la kuweka, na vidole vikaandika lile alilokuwa akiliwaza kila siku: Karibu nyumbani, Gasper. Baadaye alilifuta. Lakini maneno yalishatoka. Hata watoto wa kwetu wanajua kwamba aliyepotelea majini hakaribishwi kwa jina kabla mgomba wake haujazikwa. Nilitamani kumzaba kibao. Nilimkumbatia.

Nikamsogezea simu naye asikie. "Njooni tuzike leo hii," mama alisema. "Hapa hajakuta kaburi lake, atawafuata. Na mke wako abaki, Clever. Mtoto mchanga hapelekwi kwenye kaburi la mgomba."

Hyasinta akabaki. Clever hakumweleza kitu zaidi ya kwamba kuna dharura kwa mama. Aliogopa hofu itamkausha maziwa.

Tulipofika Butiama, Clever alifungua ukurasa kwenye simu. Kile kitufe alikuwa amekiacha kimewashwa.

butiama/gasper

Tulitazama nje. Barabara ilikuwa tupu. Sisi tunakwenda, yeye anakuja.

"Turudi, dada," Clever alisema.

"Tukirudi tutamfanya nini? Tukazike."

Nyamuswa tulikuta shimo limeshachimbwa. Mzee Bernado, katekista, aliomba haraka haraka. Majirani wanne wakainama kunyanyua lile shina lililofungwa sanda, wakapepesuka nusura waanguke. Lilikuwa jepesi. Mgomba mbichi, umekatwa mchana ule ule, umejaa maji, lakini ulikuwa mwepesi kama kapu tupu. Mama akaanza kulia kabla hata ya udongo kumwagwa. Nilielewa kwa nini analia. Tulikuwa tunazika mgomba tu, Gasper hakuwemo.

Tulifukia hivyo hivyo. Clever alifungua simu. Neno lile chini ya ukurasa lilikuwa limebadilika. Sasa liliandikwa "Nimekauka."

kitaji/gasper

Akampigia mkewe. Akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ongea polepole," Hyasinta alinong'ona. "Amelala. Shemeji amempakata."

"Shemeji gani?"

"Si kaka yako, yule unayesemaga yu hai? Kaja amelowa chapachapa, maskini, nimempa taulo. Anasema ulimkaribisha mwenyewe. Mtoto alikuwa analia, lakini alivyombeba tu, akanyamaza. Kanyamaza kabisa."

Clever alipiga kelele amnyang'anye mtoto. Simu ikakatika.

Sijui tulifikaje Musoma. Hyasinta alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, anatazama mlango ulio wazi. Mtoto alikuwa kitandani, amefunikwa vizuri, nguo zake kavu, ngozi baridi. Clever alipomnyanyua, maji yakamtoka mdomoni. Mengi. Yananuka ziwa.

Tulimzika Nyamuswa, kando ya ule mgomba. Mama anasema sasa Gasper ametulia, kwa sababu amepata wa kukaa naye. Mimi maneno hayo hayanipi faraja. Clever hajagusa tena kompyuta, na Hyasinta amerudi kwao Bunda. Hazungumzi na mtu.

Lile taulo nililifua mwenyewe, nikalianika uani. Huu ni mwezi wa jua kali, kanga na mashuka ya jirani yanakauka kabla ya adhuhuri. Taulo bado linadondosha.