Nyigu Waliotoroka Chupani

Chwa-chwa, chwa-chwa. Kabla hapajapambazuka, Mama alikuwa jikoni akisuuza bomba la kupulizia dawa. Kiroboto, binti aliyeitwa hivyo kwa kushindwa kutulia, alikurupuka kitandani.

"Mama, usipulizie kabla sijarudi kutoka kwa Shangazi."

"Nitakusubiri mpaka saa sita tu, mwanangu. Viwavi wananimalizia kabichi."

Viwavi wengi shambani walibeba vifukofuko vyeupe kama punje za mchele. Shangazi, mwalimu wa elimu ya wadudu chuoni, alikuwa ameagiza kiwavi mmoja atiwe chupani, chupa isifunguliwe. Wakitoka kwenye vifukofuko nyigu wadogo wanaoua viwavi, dawa isipuliziwe, maana ingewaua wasaidizi hao.

Lakini jana Kiroboto aliifungua chupa achungulie kidogo tu. Vijidudu vikaruka, vikapotelea dirishani. Kwa hofu alikamata mdudu mwingine, akamtia chupani.

Shangazi alimpokea kwa maji ya kunywa, kisha akachungulia chupani kwa kioo cha kukuza.

"Huyu ana mabawa mawili. Nyigu ana manne, na kiuno kama uzi. Huyu ni inzi." Alishusha pumzi. "Basi mwambie mama yako apulizie."

Kiroboto alisimama, akakaa, akasimama tena. Maji hakuyagusa.

"Shangazi, huyo inzi nilimtia mimi. Waliotoka kwenye vifukofuko walitoroka. Nilifungua chupa."

Shangazi hakumkaripia. Alimvutia kiti karibu naye. "Kuna kifukofuko kimoja hakijatoboka. Kaa tukitazame."

Kukaa! Miguu ilimwasha, saa ya ukutani ikamkodolea macho. Saa sita ilikaribia. Mara ncha ya kifukofuko ikainuka kama kifuniko cha sufuria, akatoka mdudu mweusi, mdogo kuliko chawa.

"Hesabu mabawa," Shangazi alisema, akimpa kioo.

"Manne. Na kiuno kama uzi!"

Shangazi alishika simu. "Wifi, weka bomba chini. Walinzi wa kabichi zako wako kazini." Kisha akamgeukia Kiroboto. "Kufungua chupa ni utundu, mwanangu, utakwisha ukikua. Lakini uongo wa inzi mmoja ungeua nyigu wa shamba zima. Umefanya vyema kusema kweli mapema."

Kiroboto alikunywa maji yote kwa mkupuo mmoja.

Mlangoni Shangazi alimkabidhi chupa nyingine, safi. "Jumamosi uje tena kunitembelea. Ila inzi wako umwache nyumbani."