Sébastien wa Teleksi

"Sébastien hayuko mutu mwingine," Mwavita alisema. "Ni mi."

Murhula alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya kahawa, vumbi la njia ya Uvira limemjaa suruali, chupa mbili za bia mkononi. Alitoka Bukavu kuja Bujumbura kunywa na rafiki yake wa moyo. Sasa anamtazama msichana wa watu mwenye gauni la maua.

Nyinyi vijana mnadhani kuchati mmekuvumbua nyinyi. Miaka ile uhuru ulipokuwa bado mbichi, ofisi kubwa za Bujumbura zilikuwa na teleksi: unapiga herufi hapa, na papo hapo zinajichapa zenyewe kwenye mashine ya Bukavu. Hakuna sauti, hakuna sura. Mchana kazi ikipungua, makarani walipiga soga. Siku ya kwanza Murhula aliandika, "Bonjour bwana, we nani?" maana mashine zile alizijua kuwa za wanaume. Mwavita, karani upande wa Bujumbura, angeweza kumsahihisha. Vidole vikaandika: Sébastien.

Kwao, mtaa wa Jabe, Mwavita ni wa kuinamisha macho na kuitikia ndiyo. Sébastien hakuinamisha kitu. Alibishana, alitania, alimkaripia Murhula alipotaka kuacha kazi kwa hasira, na Murhula alipofiwa na mama, Sébastien ndiye aliyekaa naye kwenye mashine mpaka machozi yakaisha. Jioni Mwavita alikuwa akiifunika teleksi huku akistaajabu: mwanaume huyu alikuwa amelala wapi ndani yake siku zote? Hakumwona kuwa uongo. Ilikuwa kama kugundua kuwa nyumba ulimozaliwa ina chumba ambacho hukuwahi kukifungua.

Kisha Murhula akaandika: "Ningepata mwanamuke wa kusema naye kama we, ningemuoa kesho." Penzi lililokuwa limejificha likamshinda Mwavita. Akamjibu aje Bujumbura.

Ndiyo huyu amekuja.

"Nilikuambia mambo yenye mutu haambie mwanamuke," Murhula alisema.

"Uliniambia mi. Na nilikusikiliza."

Murhula alitoka akaenda kuzunguka ufukweni mwa ziwa, akarudi kabla ofisi haijafungwa, hasira imepoa. Alisema amesamehe, anamtaka Mwavita awe mke wake, ila jina la Sébastien lisitajwe tena kati yao.

Mwavita alimpenda mno. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, alikuwa amezoea.

"Apana," akasema. "Ukinitaka, tuchukue wote wawili. Mwavita peke yake ni nusu, na nusu sikupi."

Murhula akarudi Bukavu. Mashine ikanyamaza, na Mwavita akawa anakonda watu wakimwona. Hata mchana mmoja herufi zikaanza kujichapa: "Sébastien, uko?"

"Niko."

"Kuna mwanamuke nimemuumiza. Nifanye nini?"

Mwavita alijipangusa uso, akajibu kiume: "Acha kulia. Kwenda kwao ukapose."

Sasa, posa ina adabu zake. Mwoaji hajiombei, humleta rafiki anayemjua vizuri amsemee, na binti hukaa chumba cha nyuma kimya. Murhula alifika Jabe na wazee wake wawili, wote mabubu kama mawe ya mtoni. Baba mdogo Gaspard, aliyemlea Mwavita, akauliza:

"Mwenye kukusemea iko wapi?"

"Ni rafiki yangu Sébastien," Murhula alijibu. "Iko humu ndani."

Pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Shangazi Consolée alimshika Mwavita mkono, akauachia, hakujua kwa nini. Mwavita akapita katikati ya watu, akasimama upande wa mwoaji, macho juu.

"Baba mudogo, mi ni Sébastien. Huyu mwanaume namujua akiwa na furaha, namujua akilia. Nimekuja kumuombea mutoto wenu."

Wazee waliokwisha kusikia posa nyingi walimtazama kama wanaomwona mtu akizaliwa mbele yao. Gaspard alifungua mdomo amfukuze, akakumbuka jinsi alivyomlea binti huyu miaka yote bila kuwahi kuisikia sauti yake.

"Na huyo mutoto," akauliza polepole, "we unamujua?"

"Kuliko wote muko humu."

"Yeye mwenyewe anakubali?"

"Alikubali zamani," Sébastien akajibu.