Pakiti Iliyoachwa Madhabahuni

"Apiyo, tafuta mwanaume mzima. Mimi sipo tena. Usinitafute."

Apiyo aliisoma meseji hiyo kwa sauti, kana kwamba imeingia sasa hivi. Rafiki yake Adhis akatupa mkasi mezani.

— Aki wewe! Hiyo meseji ni ya kabla ya Pasaka. Kwani inabadilika?

— Nangoja ibadilike.

— Wueh! Billy wa duka la simu anakuulizia kila siku, na wewe unalilia fundi wa Kawangware.

— Billy anaongea kama redio iliyokosa swichi.

— Na huyo Morris wako alikuwa anaongea?

— Morris alikuwa ananyamaza vizuri.

Adhis alicheka mpaka akashika mbavu. Apiyo hakucheka. Walikuwa kibandani kwake, Kambi Muru, Kibera, anaposhona sare za shule na kupunguza nguo za mitumba. Meza ya kukatia vitambaa aliitengeneza Morris Wekulo kwa mikono yake. Ilikuwa meza nzuri, ila mguu mmoja ulikuwa mfupi. Morris aliuwekea kipande cha katoni, akamkonyeza: "Nitarudi kuurekebisha. Acha nibaki na sababu ya kurudi." Hakurudi. Kila Apiyo alipokandamiza kitambaa, meza ilitikisika, naye akamkumbuka kuanzia vidole vilivyojaa gundi hadi ule wimbo mmoja aliouimba vibaya.

Kila jioni alimtumia sauti. Siyo maneno. Sauti ya gari moshi likipita, ya mvua juu ya mabati, ya cherehani. Zote zilikaa na tiki moja ya kijivu, hazikumfikia. Simu ya Morris ilikuwa imezimwa.

Alasiri hiyo ndipo simu yake yeye ilipolia.

— Shem, ni Nelima. Tafadhali usikate.

Nelima, dada yake Morris! Apiyo alisimama ghafla, pini zikamwagika.

— Nelima, sema tu. Amekufa?

— Hapana! Yuko hapa Kawangware, kwa Mama. Hajawahi kutoka.

— Lakini mama yenu aliniambia ameenda Kitale kujenga!

— Alisema hivyo ndio watu wasiulize. Shem, hali, halali, haogi. Amenikabidhi vyombo vyake vyote vya kazi. Randa, patasi, misumeno. Akaniambia, "Weka kwako, ufunge, usinipe hata nikikulilia." Mimi naogopa.

Apiyo aliiacha sare ya mtu ikiwa na mkono mmoja.

*

Mama Morris alikuwa mlangoni anakata sukuma wiki, miwani puani. Alimwona Apiyo, kisu kikasimama.

— Umefuata nini hapa?

— Habari, Mama. Nimekuja kumwona Morris.

— Morris amepona. Wewe ndiye ulimpeleka kwa daktari wa wazimu ukamtia alama. Mungu ameifuta. Rudi Kibera.

— Kama amepona, mbona amefichwa?

— Hajafichwa. Anapumzika.

— Tangu Pasaka, Mama? Hata mawe yanapumzika kidogo.

— Chunga mdomo wako, msichana!

— Nitauchunga. Niulize kitu kimoja tu. Hiyo miwani, unaivaa ukisoma Biblia?

— Yakuhusu nini?

— Ukiivaa, huwa unamwambia Mungu ameshindwa na macho yako?

Mkono wa Mama Morris ulienda kwenye miwani. Sauti kavu ilitoka nyuma ya pazia.

— Mama, mwache aingie.

Morris alikuwa kitandani, uso ukutani. Ndevu zilimfunika. Mabega yale yaliyobeba milango sasa yalionekana kama henga ya kutundikia koti. Apiyo alitaka kumrukia. Akaketi sakafuni.

— Kaa mbali. Nanuka.

— Naishi karibu na mtaro, Morris. Kwangu wewe ni marashi.

Kitu kidogo kilitikisika mabegani mwake. Huenda kilikuwa kicheko.

— Kwa nini uliacha dawa? Ulikuwa umeanza kulala. Ulikuwa umerudia ule wimbo wako mbaya.

— Ndiyo hivyo. Nilipoanza kulala, Mama akasema nimepona, nikatoe ushuhuda. Nikasimama. Nikapeleka ile pakiti ya vidonge madhabahuni. Mchungaji Khamala akaiinua juu, watu wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Apiyo, ilikuwa siku tamu. Walinibeba juu. Mimi, ambaye walikuwa wananong'ona nikipita.

— Halafu?

— Halafu giza likarudi. Nikawaza, nikimeza tena, nani atakuwa muongo? Mimi au Mungu?

Kwa hiyo ni hilo. Apiyo alikuwa amejitesa miezi yote akitafuta mwanamke mwingine katika meseji ile, na kumbe hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na vigelegele.

— Na mimi, mbona uliniacha?

— Kwa sababu wewe ungejua. Ungeniangalia tu, ungejua.

Nje, kisu kilikuwa kimeacha kukata. Apiyo akasogea, akaushika mkono ulioning'inia.

— Nitakuuliza kitu, na unijibu ukweli. Unawaza kujiua?

Redio ya jirani ilitangaza sabuni.

— Nilikuwa nawaza. Ndiyo maana nikampa Nelima vyombo.

Apiyo hakupiga kelele.

— Asante kwa kuniambia. Na leo?

— Leo umekuja.

— Mimi si dawa, Morris. Mimi ni fundi wa nguo. Amka twende kliniki, sasa hivi. Nitakushika mkono mpaka uchoke.

— Watu wataona.

— Waone. Macho ni yao.

Aliinuka polepole, kama mtu anayejikwamua kutoka matopeni. Mlangoni mama yake alikuwa amesimama, machozi chini ya miwani.

— Morris, mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Ukitoka na huyu kwenda huko, umenivua nguo mbele ya watu.

— Mama, nimechoka kuwa nguo yako.

Akatoka. Jua lilimpiga machoni, akajikinga kwa kiganja. Apiyo hakumwachilia.

*

Kliniki hawakumgombeza. Daktari aliuliza alichokula, alivyolala, alichowaza, kisha akamwanzishia dawa upya na kumwambia asiziache tena bila kuwaambia. Akampa pia nambari ya kupiga saa yoyote giza likizidi, na Nelima akaiandika kwenye simu yake pia, kwa sababu Morris sasa alikuwa anakaa kwa Nelima. Kila Jumamosi alienda mtaani Sarang'ombe, kwenye ukumbi mdogo ambapo watu hukaa kwenye mabenchi na kusemeana yaliyo moyoni. Mara ya kwanza alisema jina lake tu. Mara iliyofuata alisema jina lake na kulia.

Nyinyi mnaosoma mtadhani hapo ndipo penzi lilirudi. Thubutu! Apiyo alikuwa amempata, na bado alimkosa. Aliketi naye begani kwa bega, na mtu aliyempenda akawa bado yuko mbali, anakuja kwa miguu. Usiku alimtumia meseji.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umelala?"

"Kidogo."

"Umenimiss?"

Hapo tiki zilikuwa za buluu, amesoma, na hakuna jibu. Apiyo alilala na simu kifuani kama kitoto.

— Utangoja mpaka lini? Adhis aliuliza.

— Mpaka afike.

— Na asipofika?

— Nitakuwa nimemwona njiani.

Kisha siku moja, akiwa na pini mdomoni, meseji iliingia.

"Ile meza bado inatikisika?"

Apiyo alizitema pini zote. Alilia kwa sauti mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi akasema atarudi kesho.

Morris alikuja na Nelima. Ndevu zilikuwa zimenyolewa, mwili ulikuwa bado mwembamba. Nelima alikuwa amebeba kifurushi cha gazeti. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu.

— Una uhakika?

— Nina uhakika. Na jioni nitakurudishia.

Nelima akafungua gazeti, akampa msumeno.

Morris alipiga goti, akatoa kile kipande cha katoni kilichochakaa, akapima, akakata kipande cha mbao, akakigonga mguuni. Mikono ilisita mwanzoni, halafu ikakumbuka. Katikati ya kazi, bila kujua, alianza kuimba. Vibaya kabisa. Nelima akageukia barabara afute macho.

— Bonyeza, Morris akasema.

Apiyo alikandamiza meza kwa viganja viwili. Haikutikisika.

— Niliondoka bila kukuaga. Nilikufungia simu ukanililia peke yako. Hilo nisamehe, Apiyo.

— Nimekusamehe. Usirudie.

— Giza likirudi?

— Liambie lipige hodi kwangu pia.

— Sasa sina sababu tena ya kurudi hapa.

— Kuna stuli nayo ni mbovu.

— Imevunjika wapi?

— Bado haijavunjika. Nitaivunja leo.

Morris alicheka! Kicheko chake chenyewe, kizima. Adhis, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akapiga kofi mezani.

— Wueh! Billy atahama Kibera!

Simu ya Morris ikalia. Ilikuwa Mama. Morris akaiweka sauti juu.

— Morris, ulionekana ukitoka kliniki. Kanisa lote linajua. Mchungaji anataka uje Jumapili uombe msamaha mbele ya watu, kwa kumwaibisha Mungu. Usipokuja, wataniondoa kwa uongozi. Mwanangu, ni neno moja tu.

Morris alimtazama Apiyo.

— Nitakuja, Mama.

*

Kanisa la mabati lilijaa mpaka mlangoni. Apiyo aliketi benchi la nyuma, akisikia minong'ono ikimpanda mgongoni: "Ndiye huyo wa Kibera." Hakuwa amelala vizuri usiku uliotangulia. Neno moja tu lingemrudisha Morris nyuma ya pazia, na safari hii huenda asisikie mtu akimwita.

— Bwana asifiwe!

— Amina!

Mchungaji Khamala, mzee mwenye sauti nzito, alimkaribisha Morris mbele.

— Kijana wetu alisimama hapa akatuambia amepona. Kumbe alirudi kwa vidonge. Hatumchukii. Tunataka neno moja tu, tuendelee na ibada.

Morris alishika maiki. Apiyo alibana vidole mpaka vikauma.

— Mchungaji, nilisema nimepona kwa sababu mlikuwa mnapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nimekosa furaha miaka. Sikuwadanganya. Nilitamani. Halafu nilipougua tena, nikajificha. Nilikaribia kufa, hatua chache kutoka hapa, na hakuna aliyebisha hodi isipokuwa yule pale nyuma.

Vichwa viligeuka vyote. Apiyo hakuinamisha chake.

— Morris, tunaomba neno moja tu, Mchungaji akakatiza.

Ndipo Mama Morris alipoinuka, kwenye benchi la mbele la viongozi. Alivua miwani, akaiangalia kiganjani, akaivaa tena taratibu.

— Mchungaji, mwache mtoto wangu amalize.

Kanisani mtoto mchanga akasikika akinyonya.

Morris alitia mkono mfukoni, akatoa pakiti ya vidonge. Hakuiweka madhabahuni. Aliiinua watu waione, akairudisha mfukoni, akaufunga mfuko.

— Niliyemkosea ni Apiyo. Huyo nimemwomba msamaha, na meza yake haitikisiki. Wewe Mama, tutaongea nyumbani. Lakini kwa kuugua, na kwa kumeza dawa, na kwa kuwa hai leo asubuhi mkiniangalia hivi? Siombi msamaha.