Picha Ambayo Ndalahwa Hakuitazama

"Itoe, Ndalahwa! Itoe hiyo picha sasa hivi!"

"Picha ipi, Monika? Mwangaluka kwanza, tusalimiane."

"Hakuna mwangaluka hapa! Picha ya mama, uliyoibandika kwenye tovuti yako. Unataka wamuue?"

Ilikuwa saa tano asubuhi, Jumamosi. Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake sokoni Bariadi, simu sikioni, sinia la matobolwa mkono wa pili. Sinia likamtoka. Vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka kama ngozi, vikatawanyika chini. Hakuinama kuviokota.

"Wamuue kwa lipi? Si mama amekaa tu na chungu chake cha viazi?"

"Uliitazama?"

Ndalahwa akavitazama viazi vilivyomwagika.

"Nakuuliza wewe. Kabla ya kuibandika, ulimtazama mama usoni?"

Hakumtazama. Angemtazamaje? Kwa Wasukuma, mkwilima hamkodolei macho mama mkwe. Akimwona njiani anapisha, akimsalimia anatazama chini. Ndalahwa alikuwa bado hajapeleka hata ng'ombe mmoja kwa kina Monika, lakini moyoni alishajihesabu mkwilima. Siku alipopiga picha ile alikuwa amegeuza shingo pembeni, simu ameinyoosha kama mtu anayemulika nyoka shimoni. Na Alhamisi alipoipandisha mtandaoni, alitazama chungu, akatazama moshi, akatazama viazi. Uso aliupisha. Hata kwenye simu aliupisha!

"Macho yake mekundu, Ndalahwa." Monika sasa alikuwa analia. "Mekundu kama pilipili. Na chini yake watu wanaandika. Unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu anaitwaje."

Alijua. Nani asiyejua? Mwanamke anapuliza moto wa samadi na vijiti vya pamba miaka hamsini, analisha watoto, analisha wajukuu, moshi unamla macho. Halafu siku mvua ikichelewa, hao hao aliowalisha wanamwita mchawi na kutafuta panga.

Simu ikakatika. Alipopiga tena, Monika hakupokea.

Ndalahwa alikuwa mgane, mwaka wa sita huo. Mkewe alifia nyumbani akisubiri gari la wagonjwa ambalo, waliambiwa, halikuwa na mafuta. Tangu hapo alikuwa haamini mtu yeyote mwenye mhuri. Hata tovuti hii hakuitaka. Ni wakubwa ndio waliowakusanya wajasiriamali ukumbini siku mbili, wakawatengenezea tovuti, wakawaambia dunia iko kiganjani. Wakanywa soda, wakapiga picha nao, wakapanda magari wakaenda. Walichofundisha ni kupandisha picha. Kushusha hakikufundishwa. Wakubwa wetu wanachojua kushusha ni bei ya pamba.

Ujumbe wa Monika ukaingia.

"Novatus ameitisha watu. Wanakuja leo saa tisa, wanasema wanakuja kumsalimia mama. Hakuna mtu aliyewahi kumsalimia mama kwa kuitisha watu."

Novatus alikuwa mtoto wa shemeji wa mama yake Monika, na kwa miaka miwili hakuwa na wimbo mwingine ila shamba la mpunga alilobaki nalo yule mama tangu awe mjane.

Akakimbia mpaka duka la stesheneri la Precious, binti aliyekuwa akimsaidia kompyuta.

"Precious mwanangu, nifutie picha!"

"Kaa, baba. Shika mausi mwenyewe."

"Nitashikaje? Huoni natetemeka?"

"Tetemeka huku unabonyeza. Siku nisipokuwepo utamkimbilia nani? Andika neno la siri. Haya, ingia palipoandikwa picha. Ichague. Sasa futa."

Kidole kilikataa. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akakisukuma. Picha ikapotea.

"Imetoka?"

"Kwenye tovuti imetoka." Precious hakumtazama. "Ila kuna watu walishaichukua wakaituma kwenye magrupu. Hizo hatuwezi kuzifuta, baba."

Ndalahwa akajishika kichwa.

"Ngoja," Precious akasema. "Uliwahi kusoma haya maoni?"

"Nani alinifundisha kuyasoma?"

"Soma la kwanza. Hili ndilo lililowasha moto."

Akasoma polepole, midomo ikichezacheza. Aliyejiita Mwananchi Mwema aliandika: "Mnamfahamu bibi huyu? Mtazameni macho. Sasa tumejua mvua yetu imefungwa na nani."

"Mshenzi gani huyu?"

"Wasomaji wanaliona hilo jina alilojipa tu. Lakini anayetoa maoni hapa lazima aandike barua pepe yake, na mwenye tovuti anaiona. Hii hapa."

Ndalahwa akainama karibu na kioo. Akaisoma mara mbili. Ilianza na jina la Novatus, jina la baba yake likafuata, mwishoni mwaka wake wa kuzaliwa.

"Nichapie," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Yote. Maneno yake na hiyo anwani."

Kabla ya kuwasha pikipiki alimpigia mkubwa mmoja anayehusika na usalama.

"Kiongozi, kuna bibi anataka kuuawa."

"Ametishiwa kwa mdomo?"

"Wameitisha watu, wanakwenda kwake saa tisa!"

"Mzee, kukusanyika si kosa. Kitu kikitokea, njoo tufungue jalada."

"Kikitokea nitakuja na maiti?"

"Chunga lugha yako."

Akakata. Angepoteza vocha bure.

Njia nzima mpaka upande wa Kimali, kwa kina Monika, mwendo wa zaidi ya saa mbili, alikuwa akiona mambo. Akiona moshi mbele, anadhani ni nyumba inaungua. Akiona vijana watatu wamesimama chini ya mgunga, anadhani wanatoka huko tayari, wamemaliza. Alimwomba Mungu kwa Kiswahili, akamwomba kwa Kisukuma. Aliogopa kufa, hilo asingedanganya mtu. Lakini aliogopa zaidi kufika akakuta Monika anamtazama kwa yale macho ambayo yeye mwenyewe aliwatazamia wenye gari lisilo na mafuta.

Saa nane na nusu akaingia uani. Monika alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mchi wa kinu mapajani.

"Umekuja kupiga picha nyingine?"

"Monika, nimeifuta. Nimeifuta mwenyewe."

"Umeifuta kwenye vichwa vyao?"

"Nisamehe."

"Mimi nilikupenda kwa sababu wewe ni mtu wa kujali, Ndalahwa. Nikasema huyu amezika, anajua uchungu. Kumbe unajali viazi."

Kama angempiga na ule mchi, ingemuuma kidogo kuliko neno lile.

Sauti ikatoka ndani ya jiko. "Mwache aingie. Kelele zenu zinanizimia moto."

Ndalahwa akaingia kinyumenyume, uso kaupeleka ukutani. Moshi ulikuwa umejaa hadi darini. Akainama kumwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Ndalahwa, unasalimiana na ukuta?"

"Ni heshima, mayu."

"Heshima hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa," alisema Ng'washi, bibi wa miaka sabini na mbili, akisukuma vijiti vya pamba chini ya chungu. "Ungenitazama siku ile ungeyaona macho haya. Ungeniambia, mayu, geukia huko. Ungeniambia, mayu, hii haifai. Mtu humtazami, utamlindaje? Geuka."

"Mayu, siwezi."

"Geuka, watu wanakuja!"

Akageuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama. Alikuwa bibi mdogo, mwembamba, pua ya Monika, paji la Monika. Na macho, kweli, yalikuwa mekundu, yanachuruzika, kope zimeisha. Katikati ya wekundu ule kulikuwa na mtu anayeogopa. Alikuwa anachemsha viazi kama siku zote, lakini kila akisukuma kijiti alitazama mlangoni.

"Sasa umeniona," akamshukuru. "Wabeja."

Nje mbwa akabweka.

Walikuwa kama kumi na wawili. Novatus mbele, shati jeupe, simu mkononi. Nyuma yake wanaume wa mtaa, wengine na fimbo za kuchungia, wawili na mapanga, ya kukatia miiba, walisema. Mzee mmoja wa hapo kijijini, Januarius, naye alikuwemo, na nyuma kabisa jirani Mhoja, amejitanda kanga.

"Tumekuja kwa amani," Novatus akasema. "Tunataka mama mkubwa atoke tu, tuongee naye."

Monika akasimama na mchi wake. Ndalahwa akampita, akajiweka mbele.

"Ongeeni na mimi."

"Wewe nani hapa? Umetoa ng'ombe wangapi?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwogopesha kuliko panga.

"Sijatoa. Mimi ndiye niliyeweka picha. Mchawi mkimtafuta, anzeni na mimi." Akafungua karatasi. Ilikuwa imelowa jasho. "Nitawasomea kitu. Kusoma kwangu kwa shida, mnivumilie. 'Mnamfahamu bibi huyu? Mtazameni macho. Sasa tumejua mvua yetu imefungwa na nani.' Hayo ndiyo maneno yaliyowatoa majumbani. Mwenyewe amejiita Mwananchi Mwema. Ila tovuti ni yangu, na mwenye tovuti anaona anwani ya aliyeandika."

Akaisoma. Herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka mwisho.

Novatus akacheka kwa pua. "Mtu yeyote anaweza kuandika jina langu. Mzee wa viazi, mtandao huujui wewe."

Ilikuwa kweli. Mwenye panga mmoja akapiga hatua.

"Isome tena," akasema mzee Januarius.

Ndalahwa akaisoma tena.

"Inaishia na themanini na nane?"

"Ndiyo, mzee."

"Novatus." Mzee akamgeukia. "Si ndiyo hiyo uliyotujazia sisi sote kwenye fomu za pembejeo? Ulisema hatuna barua pepe, ukaweka ya kwako, ukasema majibu yatakuja kwako. Nimeikariri kama sala. Majibu yenyewe sijayaona mpaka leo."

"Hata mimi niliwekewa hiyo," akasema mwingine.

"Na mimi."

"Kwa hiyo umetuita tumtoe bibi," mwenye panga akasema taratibu, "wewe ukalime mpunga?"

"Mnamsikiliza huyu mgeni? Mvua mmeiona? Macho yake hamyaoni?"

Hapo Mhoja akapita katikati ya wanaume. Akaishusha kanga usoni.

"Na mimi mtakuja kunisalimia lini?" akauliza. Macho yake yalikuwa yale yale. "Jumatatu? Maana jiko langu na la Ng'washi moshi ni mmoja. Na mama yako, Novatus, aliyekufa na macho haya haya, tulimzika kama nani?"

Mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Mwingine akakumbuka kisima. Wakaanza kupungua, hakuna aliyeomba radhi, kila mtu akitazama viatu vyake. Novatus alibaki wa mwisho.

"Mmenivua nguo leo," akamwambia Ndalahwa kwa sauti ya chini. "Wewe utarudi Bariadi. Yeye atabaki hapa."

Akaondoka bila haraka. Hilo la bila haraka ndilo lililomwingia Ndalahwa hadi kwenye mifupa.

Monika akaketi chini. Mchi ukaanguka.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Tumpeleke mama Bariadi."

"Siendi," ikajibu sauti ya jikoni. "Nikienda watasema nimekimbia. Na shamba atalima nani? Yeye."

Ndalahwa akachuchumaa mbele ya Monika.

"Basi nakuja mimi."

"Kuja wapi?"

"Hapa. Nihamie."

Monika akamtazama kama mtu aliyepandwa na homa. "Mwanaume akae ukweni? Ndalahwa, watasema umeolewa."

"Waseme."

"Watakutungia nyimbo."

"Watunge. Nitazicheza."

"Na biashara?"

"Wateja wangu wako Dar, wako Mwanza, wananijulia kwenye tovuti. Oda nitazipokea juu ya kichuguu kile chenye mtandao, viazi vinapikwa hapa hapa. Kibanda kitanisaidia nini? Nilishachelewa mara moja kwa mtu niliyempenda, nikisubiri wakubwa walete gari. Sisubiri tena."

Monika alichukua ile karatasi iliyolowa, akaikunja vizuri.

"Nipe neno la siri."

"La nini?"

"La tovuti. Kuanzia leo hakipandi kitu pale mpaka mimi nikione. Na picha ya mtu haipandi mpaka mwenye uso wake aseme ndiyo. Ukikubali hilo, peleka mshenga kwa wajomba. Usipokubali, pikipiki yako ile pale."

Ndalahwa akamtajia. Akamwandikia na kwenye kiganja kwa peni. Monika akaishika ile mikono yote miwili, akaikandamiza kifuani pake.

Wenye mhuri walifika Jumatano, wakiomba wachangiwe mafuta. Walichukua karatasi, wakasema uchunguzi unaendelea. Uchunguzi wenyewe unaendelea mpaka leo, na Novatus anapita njiani kama kawaida.

Jumatano ile ile Ndalahwa aliingia kijijini na godoro limefungwa nyuma ya pikipiki. Wanawake kisimani walipiga vigelegele vya dhihaka: "Bwana harusi kaletwa!" "Mahari yake ngapi?" Akawapungia mkono. Alikuwa anatazama vichaka zaidi kuliko alivyokuwa anawatazama wao.

Alipewa kibanda cha nje mpaka padri atakapowafungisha ndoa. Ng'washi alitoka jikoni, akasimama mbele yake, akamtazama, na Ndalahwa naye akamtazama. Kisha bibi akanyoosha kidole kwenye ukuta unaoelekea nyumba yake.

"Godoro liweke pale, mkwilima," akasema. "Na panga liwe upande wa mlango. Wewe unalala usingizi mzito?"

"Hapana, mayu."

"Vizuri. Na sisi hatulali sana."