Baba Haondoki

Hapa kwetu Shauri Moyo, asubuhi huanza na mlango wa Teresiah. Anafunga kitambaa kichwani, anabeba mfuko wake, anatembea hadi soko la Gikomba kuuza nguo za watoto. Nyuma anabaki mumewe, Muriuki. Anamwosha uso binti yao Tiffany, anampikia uji, anaanika nguo. Muriuki alikuwa dereva wa lori mpaka alipoumia mgongo. Sasa hawezi kuinua mzigo wala kukaa kwenye gari kutwa nzima.

Majirani wana midomo. "Baba anafua, mama anatafuta!" wanasema na kucheka. Mimi ni Everline, naishi mlango wa pili kutoka kwao, na sina subira na maneno kama hayo. Nikiyasikia, najibu.

Lakini maneno mabaya zaidi yalitoka Murang'a. Thuo, kaka mkubwa wa Muriuki, alimpigia Teresiah simu.

"Nakuja kumchukua," alisema. "Mwanamume hakai mjini kulishwa na bibi. Huku ushago, kijijini kwetu, atachunga ng'ombe. Wewe na mtoto mtabaki huko na biashara yako."

Teresiah alikuja kwangu akilia. "Everline, nitaishi vipi na mume wa simu? Na Tiffany je?"

Ndipo nikawapa samaki, ili Muriuki apate kazi ya hapo nyumbani. Mimi hufuga beta, samaki wadogo wa urembo wenye mapezi marefu. Wengine huwaita faita, kwa sababu madume wawili wakikutana hupigana. Maduka ya samaki wa urembo huja kuwanunua. Kazi yenyewe si ya kubeba mizigo. Inataka macho na uangalifu. Nikampa Muriuki dume mmoja mwekundu, jike mmoja na tangi dogo la kioo.

Teresiah alimwomba Thuo asubiri, naye akakubali shingo upande. "Nitakuja mwisho wa mwezi ujao. Nikikuta hakuna kitu, afunge begi lake."

Mara ya kwanza mambo yaliharibika. Nilikuwa nimeenda mjini, na samaki wakataga mchana. Teresiah alirudi kutoka Gikomba, akachungulia tangi. Akaona dume akiweka yai mdomoni. Halafu lingine.

"Ngai! Anakula watoto wake!"

Alichukua chujio la chai, akamtoa dume, akamwacha jike na mayai. Nilikuwa nimemweleza Muriuki mambo hayo yote. Lakini naye aliona kwa macho yake yai likiingia mdomoni, akaingiwa na wasiwasi. Asubuhi hapakuwa na yai hata moja. Jike alikuwa anazunguka polepole, tumbo limejaa.

"Nani alikutuma, Mama Tiffany?" Nilikasirika, siwezi kuficha.

"Mama ni mama, Everline! Mama anaweza kula watoto wake?"

"Kwa beta anaweza. Jike akimaliza kutaga, mtoe. Ukimwacha atakula mayai, na dume anaweza kumpiga mpaka amuue. Anayelea ni baba."

"Lakini alikuwa anayameza!"

"Hayamezi. Samaki ana mikono? Yai likianguka, analiokota kwa mdomo na kulirudisha kwenye povu. Lile povu juu ya maji ndilo kitanda cha watoto. Amelitengeneza yeye mwenyewe."

Teresiah alikaa kitini, akafunika uso. "Basi mimi ndiye nimemfukuza mume wangu," alisema.

"Hujafukuza mtu. Samaki wangali hai. Tunaanza tena."

Tulianza tena, na mwezi ulikuwa unakimbia. Muriuki alimweka kila samaki kwenye chombo chake, akawalisha viluwiluwi wa mbu mpaka wakapata nguvu. Maji ya mfereji aliyaacha kwenye ndoo bila kifuniko hadi kesho yake, ili dawa ya kuyasafisha itoke. Tangini alitia maji kidogo tu, kina chake kama kiganja cha mkono. Akaweka hita ndogo, maana baridi ya Nairobi huua beta. Juu ya maji akalaza kipande cha jani kavu la mgomba. Kisha akafunika tangi kwa plastiki, akiacha nafasi ndogo ya hewa.

"Mbona unafunika?" Teresiah aliuliza.

Muriuki alimjibu mwenyewe. "Wakikua kidogo watavuta hewa ya juu ya maji. Ikiwa baridi, wanakufa."

Jike aliwekwa ndani ya jagi la plastiki isiyo na rangi, na jagi likasimamishwa tangini. Dume alimwona, akaanza kupuliza povu chini ya jani. Povu lilipokuwa jingi, Muriuki akamwachilia jike.

Wakafukuzana. Pezi la jike likachanika kidogo. Teresiah akanyoosha mkono, nikaushika.

"Kuchanika kidogo ni kawaida. Akiumizwa sana tutamtoa."

Mwishowe dume alijikunja na kumzunguka jike. Mayai meupe yakaanguka kama chenga za unga. Dume akashuka mbio, akayaokota, akayapandisha kwenye povu. Walirudia hivyo mara nyingi, mpaka jike akajificha pembeni. Safari hii Teresiah ndiye aliyemtoa jike kwa chujio.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga walining'inia chini ya povu, mikia ikitazama chini, wembamba kuliko uzi. Siku hiyo hiyo mtu akapiga hodi. Alikuwa Thuo. Hakungoja mwisho wa mwezi.

Hata chai hakutaka. Alisimama katikati ya chumba akitazama huku na huku.

"Begi liko wapi?"

"Karibu kwanza uone, kaka," Muriuki alisema. Alikuwa amejishika kwenye meza, maana mgongo ulikuwa unamuuma.

Thuo aliinama mbele ya kioo. Wakati huo huo kifaranga mmoja alianguka kutoka kwenye povu. Dume akamfuata, akafungua mdomo. Kifaranga akatoweka.

"Wee! Anakula watoto!" Thuo alipiga kelele. Akanyakua chujio la chai kutoka kwenye msumari. "Mtoeni huyu!"

Povu lingevurugwa, wote wangezama. Nilitaka kusema, lakini Teresiah alikuwa ameshajisimamisha kati ya Thuo na tangi.

"Shemeji, weka chini hiyo."

"Huoni anawamaliza?"

"Nimesema weka chini! Huyu ni baba yao. Baba haondoki."

Sote tukatazama tangi. Dume alipanda juu, shavu limevimba. Akafika kwenye povu, akapuliza. Kifaranga akatoka mzima, akaning'inia tena pamoja na wenzake.

Thuo alibaki na chujio mkononi. "Mama yao yuko wapi?" aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Ameenda Gikomba," Tiffany akajibu.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Thuo hakucheka. Alimtazama Teresiah, akamtazama Muriuki, akalirudisha chujio kwenye msumari wake. Kisha akakaa na kuomba chai.

Kabla Thuo hajaondoka, nilimweleza Muriuki kazi iliyobaki. "Wakiacha kuning'inia na kuanza kuogelea mlalo, mtoe dume. Hapo anaweza kuwala kweli."

"Na mimi?" Muriuki aliuliza akitabasamu. "Nitatolewa lini?"

"Wewe bado. Tiffany hajajua kuogelea."

Muriuki alikuwa ametia maji ya zamani ya tangi kwenye chupa pamoja na jani la sukuma, akaiweka dirishani. Humo walizaliana vijidudu wasioonekana vizuri kwa macho. Hao ndio walikuwa chakula cha kwanza cha vifaranga, kwa sababu chakula cha dukani ni kikubwa mno kwao na kikioza huharibu maji. Baadaye aliwapa minyoo midogo sana. Alibadilisha maji kidogo kidogo, kwa upole. Wengine walikufa, hiyo ni kawaida. Wengi walikua. Madume walipoanza kugombana, kila mmoja alipata chupa yake. Sasa dirisha lote ni jekundu na buluu, na mwenye duka huja mwenyewe kuwachagua.

Jana Thuo alipiga simu. Teresiah alikuwa anafunga kitambaa chake.

"Shemeji, baba wa watoto yuko aje?"

Teresiah aliangalia tangini, kisha akamwangalia mumewe, aliyekuwa akimsuka Tiffany nywele.

"Wote wawili wazima," alisema, akashika njia ya Gikomba.