Jogoo wa Mzee Mikaeli Katika Ubeti wa Pili

Kila Jumamosi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya milima ya Uluguru, Prisca na shangazi yake Josephina walifunga mafungu ya mboga za figiri na karoti uani kwao Bigwa, tayari kuwapelekea mama lishe wa Msamvu. Kazi zilikuwa zimegawanywa kwa haki. Shangazi alibeba tenga kubwa. Prisca alibeba tenga dogo pamoja na simu. Simu ilikuwa ya shangazi, lakini macho yake yalikuwa yamegombana na maandishi madogo. Kwa hiyo Prisca, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyesoma ujumbe, aliyejibu ujumbe na, kwa maoni yake mwenyewe, mkurugenzi wa shughuli zote.

Wiki hiyo mkurugenzi alikuwa na furaha. Wimbo wa shangazi ulikuwa karibu kutoka.

Shangazi Josephina aliutunga wimbo huo, "Mzigo Huu," akipanda na kushuka mlima na tenga kichwani. Ulimchukua miaka miwili, neno moja leo, jingine wiki ijayo. Kwaya ya kanisa la kigango chao iliufanyia mazoezi mpaka hata watoto wachanga wa jirani wakawa wanabembelezwa nao. Kisha Ezekiel, fundi wa kurekodi kutoka mjini, alipanda na kompyuta yake, nyaya na vipaza sauti vitatu, akawarekodi palepale kwenye ukumbi wa kigango.

Hapo ndipo jogoo wa Mzee Mikaeli, ambaye banda lake liko nyuma ya dirisha la ukumbi, alipoamua kuwa naye ni mwanakwaya. Katikati ya ubeti wa pili, shangazi akiwa amefika juu kabisa kwa sauti yake, jogoo akawika.

Ezekiel aliwapungia mkono waendelee. Walipomaliza alisema, "Msirudie. Mmeimba vizuri mno. Huyu bwana nitamtoa kwenye kompyuta."

Jioni ile alituma nakala ya kwanza, jogoo akiwa bado ndani, kwenye simu ya shangazi. Aliandika: "Mama, sikiliza tu unieleze pa kurekebisha. Usimpe mtu. Kesho namtoa jogoo." Na kweli, kesho yake alimtoa. Kilichobaki ni kuupakia wimbo kwenye mitandao ya kuuza muziki, kwa jina la kwaya, ili kila anayeusikiliza awaachie kitu kidogo. Kwaya ilitaka spika zake yenyewe. Ilikuwa imechoka kuazima.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yetu.

Walipofika Msamvu, karibu na stendi, muziki ulikuwa ukinguruma kutoka kwenye kibanda kimoja cha kujaza nyimbo kwenye simu na flashi. Shangazi alisimama ghafla, tenga likayumba.

"Prisca. Hiyo si sauti yangu?"

Ilikuwa sauti yake. Lakini juu yake mwanamume mmoja alikuwa akipiga makelele: "Halidiii wa Mitambo! Msamvu ndiyo nyumbani!"

Damu ilimpanda Prisca. Alitua tenga chini, akaenda mbiombio mpaka kibandani.

"We! Nani kakupa huo wimbo?"

Kijana mwenye kibanda, Halidi mwenyewe, alimtazama kutoka juu ya kiti chake. "Shikamoo umeiacha mlimani, mdogo wangu?"

"Shikamoo. Mwizi!"

"Marahaba," Halidi akajibu. "Hiyo ya pili sijui inaitikiwaje."

Wateja wakaangua kicheko. Prisca akazidi kuwaka. "Wimbo ni wa shangazi yangu! Katunga miaka miwili! Wewe umeongeza nini humo? Kelele!"

"Mimi sijavunja mlango wa mtu," Halidi alisema. "Kuna kijana kaja na simu, kaniletea wimbo, nimeuweka. Watu wanaupenda. Mngenishukuru, nawatangaza. Hata kwenye mtandao nimeuweka, watu elfu nne wameshausikiliza."

"Kwa jina la nani?" Shangazi alikuwa amefika, tenga bado liko kichwani.

Halidi alijikuna shingo. "La kibanda, mama. Mwenyewe sikumjua."

"Hukumjua!" shangazi alisema. "Ulimwuliza nani ukakosa jibu?"

Prisca alifungua mdomo amwongezee tusi jingine, kubwa zaidi. Wakati huohuo spika ilifika ubeti wa pili, na ndani ya spika jogoo wa Mzee Mikaeli akawika.

Mdomo wa Prisca ukajifunga wenyewe.

Jogoo yule alikuwamo kwenye nakala ya kwanza tu, na nakala ya kwanza ilikuwa kwenye kompyuta ya Ezekiel na kwenye simu aliyoishika Prisca mkononi. Jioni ile wimbo ulipoingia kwenye simu, kabla hata shangazi hajausikiliza, Prisca aliutuma kwa Semeni, rafiki yake wa darasani. Alikumbuka hata alivyoandika: "Msikie shangazi yangu anavyoimba! Nakupa wewe tu."

"Mbona umenyamaza?" shangazi aliuliza. "Ulikuwa umeanza vizuri."

"Nina kiu, shangazi."

Mchana ule alimwendea Semeni, akamkuta anaosha vyombo.

"Ule wimbo ulimpa nani?"

"Binamu yangu Ernest. Mmoja tu."

"Na Ernest?"

"Kampa rafiki yake. Mmoja tu, alisema." Semeni alisuuza sufuria, akamkazia macho. "Usinitumbulie macho, Prisca. Wewe si ulinipa mimi tu?"

Prisca alirudi nyumbani. Kumwita Halidi mwizi kulikuwa rahisi sana. Sasa neno lilelile lilikuwa likimfuata nyuma njia nzima.

Jumapili baada ya misa kwaya ilikutana ukumbini, habari ya kibanda cha Msamvu ikiwa imeshawafikia wote. Ezekiel alikuwa amekuja na kompyuta yake, uso umemshuka.

"Nimejaribu kuupakia wimbo jana usiku," alisema. "Umerudishwa. Wanasema tayari uko kwa jina la mtu mwingine. Kwa maneno mengine, sisi ndio tunaoonekana tumeiba."

Ukumbi ulilipuka. Wameiba wimbo wao wenyewe? Wimbo wa tenga la Josephina? Waimbaji wa sauti ya kwanza walipiga kelele zaidi ya wanaume wa sauti ya nne, jambo ambalo kwenye mazoezi huwa haliwezekani. Mzee Leonard, mwenyekiti wa kwaya, aligonga meza mpaka kikombe kikaruka.

"Msipoteze muda! Wimbo ulikuwa kwa nani? Kwa fundi! Nani anafahamiana na hawa wa vibanda? Fundi! Tulimkaribisha hapa, akala ugali wetu, akatuuza!"

"Mwenyekiti," Ezekiel alisema polepole, "mimi naishi kwa kazi hii. Nikiuza wimbo wa mtu, nani ataniletea mwingine?"

"Hakuna atakayekuletea! Nitahakikisha kila kwaya ya mji huu inalijua jina lako."

Hakuna aliyemtetea. Ezekiel aliinama, akaanza kukunja nyaya zake kwenye kiwiko, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu uleule wa siku ya kurekodi. Prisca alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna hata mmoja atakayegundua. Fundi angeondoka na lawama, na Jumamosi ijayo yeye angeendelea kuwa mkurugenzi.

Waya wa pili uliisha kukunjwa. Ezekiel akashika wa tatu.

"Ni mimi!" Prisca alisema. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Si kaka Ezekiel. Wimbo wa Msamvu una jogoo. Ni ile nakala iliyoingia kwenye simu ya shangazi. Mimi ndiye niliyeutuma. Kwa Semeni tu, lakini..." Hakumaliza. Ile "tu" sasa aliisikia mwenyewe.

Shangazi Josephina aligeuka taratibu.

"Jana," alisema, "umemwita mtu mwizi mbele ya Msamvu nzima. Kwa sauti kubwa kuliko huyo jogoo. Nami nikajivunia."

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi utaniomba nyumbani. Anza na aliyekunja nyaya."

Prisca alimwendea Ezekiel, akaomba msamaha huku machozi yakimdondoka kwenye viatu. Ezekiel aliitikia kwa kichwa. Mzee Leonard alikohoa, akakohoa tena, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Fundi, naona tumekosea."

"Mmekosea, mwenyekiti," Ezekiel alisema. Hakutabasamu. Lakini aliuchomeka waya wa tatu tena. "Ninazo sauti za kila kipaza sauti peke yake, tangu siku ya kwanza. Hakuna mwingine anayeweza kuwa nazo. Nitazituma kama ushahidi. Ila yule wa kibandani akiuondoa wake mwenyewe, mambo yatakwenda haraka."

Jumatatu baada ya shule, Prisca, Semeni na shangazi walikwenda Msamvu. Walimkuta Halidi amesimama nje ya kibanda cha jirani yake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Hiyo miksi ni yangu!" alikuwa akipayuka. "Nimeichanganya wiki nzima! Umekata sauti yangu, ukaweka yako! Huna hata aibu?"

Jirani alitafuna muwa. "Nimeletewa, kaka. Mwenyewe sikumjua."

Shangazi Josephina alitua tenga lake, akaligeuza juu chini, akalikalia. Alimtazama Halidi kama mtu anayetazama mpira. Halidi alipomwona, sauti ilimpungua, ikaisha kabisa.

"Inauma, baba?" shangazi aliuliza kwa upole.

"Mama, usinitazame hivyo."

"Ya wiki moja inauma hivyo. Ya kwangu ni ya miaka miwili."

Halidi alitazama chini. Kisha alitoa simu yake, na mbele yao akaufuta wimbo kwenye mtandao, akaufuta na kibandani. Prisca alipiga hatua mbele.

"Shikamoo, kaka Halidi. Nilikuita mwizi, na wimbo ulianzia kwangu. Nisamehe."

"Marahaba," Halidi alisema. "Hiyo ya pili sasa najua inavyoitikiwa. Yamekwisha."

Wiki mbili baadaye "Mzigo Huu" ulitoka kwa jina la kwaya na la mtunzi wake. Lakini Prisca na Semeni, waliopewa adhabu ya kumfuata kila aliyeupokea na kumwomba aufute, waliwafikia watu kumi na saba, wakakwama. Wa kumi na nane alikuwa anaishi mbali, huko Turiani, na huyo alishaurusha kwenye kundi la watu mia mbili.

Jioni moja wakiwa uani wanafunga figiri, Prisca aliuliza, "Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Bado kidogo." Shangazi alikaza fungu. "Hasira yako siku ile ilikuwa ya haki, Prisca. Kosa ni kwamba uliielekeza upande mmoja tu. Mtu akikupa kazi yake uisikilize, amekuamini, hajakupa uigawe. Kutuma ni kubonyeza kidole mara moja, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Muulize mwenyewe kwanza. Akikataa, acha. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

Prisca aliitikia kwa kichwa. Shangazi alimsogezea simu aliyomnyang'anya tangu siku ile ya mkutano.

"Haya, nisomee. Kuna ujumbe umeingia."

Prisca alisoma. Ulitoka kwa mama lishe mmoja wa Msamvu: "Dada Josephina, wimbo nimeununua, mzuri sana. Ila mbona huu hauna jogoo?"

Nyuma ya ukumbi wa kigango, jogoo wa Mzee Mikaeli akawika.

"Msikie huyo," shangazi alisema. "Yeye ndiye wa kwanza kuibiwa sauti, na hakuna aliyemwomba radhi."