Macho Yasiyolipiwa

Ukuta wa sebuleni kwa Mihayo ulikuwa unajua nani anautazama na nani amegeuza uso. Miaka hiyo Tabora hapakuwa tena na nyumba yenye televisheni ya kutundika. Ukuta mzima ulikuwa kioo, na ndani ya kioo hicho mlikuwa na kihesabumacho, kidude chembamba kuliko karatasi, kinachosoma mboni za watu waliomo chumbani. Kilijua kama jicho ni la mzee au la mtoto, limetua kwenye picha au linazurura tu. Jicho la mtu mzima likitua, mwenye video analipwa. Likihama, malipo yanasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Jamvi, mtandao ambao nusu ya nchi ilitazama video zake. Kwa sheria hiyo wengine walikula, na wengine walishinda njaa.

Mihayo na mkewe Nyamizi walikuwa miongoni mwa waliokula, ingawa si kwa kushiba. Nyamizi alikuwa msusi. Saluni yake ya karibu na stesheni ilikufa ulipofunguliwa Ukumbi wa Mikono, ambako roboti yenye vidole kumi na viwili inasuka kichwa kizima kabla mteja hajamaliza soda. Basi Nyamizi akahamia Jamvini. Kila Jumamosi alasiri alimkalisha mtu kwenye kigoda, Mihayo akarusha kamera-nzi mbili juu ya kichwa hicho, na wanawake wasio na uwezo wa kwenda Ukumbini wakasuka pamoja naye majumbani kwao. Hawakuwa na kipato kingine zaidi ya hicho.

Jumamosi moja kichwa kilikuwa cha mdogo wake Nyamizi, na mtindo ulikuwa twende kilioni, ule wa njia chache zinazorudi nyuma tu.

"Hii haina ufundi mkubwa," Nyamizi alikuwa anasema, chanuo mdomoni. "Ila njia ikipinda, hata marehemu atacheka."

Maswali ya watazamaji yalikuwa yanateremka pembeni mwa ukuta kama kawaida. Ghafla yakazimika. Ikasikika sauti ya Karani, ile akili unde iliyokuwa inasimamia idhaa zote za Jamvi. Karani alikuwa na adabu kuliko binadamu yeyote ambaye Mihayo aliwahi kukutana naye, na ndiyo maana Mihayo hakumpenda.

"Ndugu Mihayo, ndugu Nyamizi, habari za alasiri. Idhaa yenu imehamishiwa Kundi la Watoto. Katika kundi hilo hakuna matangazo ya biashara wala malipo, na maswali hufungwa kwa usalama wa watoto."

"Watoto gani?" Mihayo aliinuka. "Mtoto gani anasuka nywele?"

"Macho mengi yanayotua kwenye picha zenu ni ya watoto wadogo. Macho ya watu wazima ni machache, na hayatulii."

"Hicho kihesabumacho chenu kimelewa."

"Kihesabumacho hakinywi, ndugu Mihayo. Macho ya watu wazima yakizidi ya watoto, mtarudishwa mlipokuwa."

"Nataka kuongea na mtu."

"Unaongea na mimi."

"Mtu mwenye mama!"

"Maombi ya kuongea na mtu hupokelewa kutoka idhaa zenye watazamaji laki moja na kuendelea. Alasiri njema."

Mdogo mtu akacheka hadi kichwa kikatikisika. Nyamizi akamfinya sikio atulie.

"Mwache, baba Shija. Unagombana na ukuta," alisema. Hakuacha kusuka, lakini vidole vyake vilikuwa vimepunguza kasi. "Mimi nakwambia kitu kimoja. Ukumbini siendi. Sitaenda kuosha vitana vya lile dude lililoniulia saluni yangu. Ni heri nilale njaa."

Mihayo alijua hatanii. Kazi pekee ambayo roboti za Ukumbini ziliwabakizia watu ilikuwa kuzifuta zenyewe na kuosha vitana vyake, na waliokuwa wanaifanya wengi walikuwa wasusi wa zamani.

Wiki nzima Mihayo alitafuta mchawi. Mara aliwashuku wenye idhaa kubwa, mara akadhani kioo cha nyumbani kwake ni kibovu. Jumamosi iliyofuata, Nyamizi akiwa anarusha video bila malipo, Mihayo akatoka akaenda kugonga mlango wa pili, kwa Mama Kabula. Huyo hakuwahi kukosa video ya Nyamizi hata Jumamosi moja.

"Shemeji, hodi gani hiyo? Kama polisi!" Mama Kabula aliita kutoka ndani. "Ingia, mikono yangu ina mafuta."

Mihayo akaingia, akasimama palepale mlangoni. Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi. Binti yake Kabula, mwenye miaka saba, alikuwa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, mgongo kwa mama, uso kwa ukuta. Ukutani mikono ya Nyamizi ilikuwa inasuka, mikubwa kama milango. Mama Kabula hakuinua macho hata mara moja.

"Mama Kabula, mbona huangalii?"

"Niangalie nini na nina kichwa cha mtu mkononi? Nikitazama ukuta, chanuo litaingia sikioni!"

Mihayo akacheka. Halafu akaacha kucheka, maana ameelewa. Tabora nzima inasuka hivyo. Mama juu, mtoto chini, wote wameelekea upande mmoja, na macho ya mama yako utosini pa mtoto. Katika kila nyumba iliyokuwa inamfuata Nyamizi, ukuta ulikuwa unaona macho mawili tu yaliyotulia, na yalikuwa ya mtoto.

Alimweleza Karani habari hiyo yote, kwa upole uliomchosha mwenyewe.

"Maelezo yako ni mazuri," Karani alijibu. "Lakini sheria hupima macho. Haipimi mikono."

Ndipo Mihayo akapata wazo lake. Alirekodi tangazo, akalirusha mwanzo wa video iliyofuata. Akina mama, geuzeni watoto. Mlazeni uso mapajani, mfunikeni kanga, na nyinyi wenyewe inueni macho mtazame ukuta, japo kidogo, tena mara kwa mara. Mkifanya hivyo, Nyamizi atabaki nanyi.

Wakafanya. Nyamizi walimpenda kweli. Haikuchukua wiki nyingi macho ya watu wazima yakapanda, ya watoto yakashuka, na Karani akaja na pongezi zake. Matangazo yakarudi, na la kwanza lilikuwa la Ukumbi wa Mikono. Mihayo hakujali. Alinunua nyama, akala huku amekunja nne.

Maswali nayo yakafunguliwa. La kwanza kuteremka lilikuja na picha ya kichwa cha mtoto kilichosukwa njia zilizopinda kama mbuzi amekimbia juu yake. "Dada Nyamizi, mbona siku hizi tunakosea?" La pili vilevile. La tatu halikuuliza kitu, liliaga tu.

Nyamizi aliyasoma yote. Akavaa kandambili, akaenda mlango wa pili, Mihayo nyuma yake.

Kabula alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye mapaja ya mama yake, kichwa chini ya kanga, nywele tu ndizo zilizoachwa nje. Upande mmoja ulikuwa umesukwa na kufumuliwa mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Mama Kabula alikuwa anatazama ukuta, anatazama kichwa, anatazama ukuta, kama mtu anayevuka barabara.

"Umefanyaje hapa?" Nyamizi alishika njia moja iliyopinda.

"Mumeo muulize, siyo mimi!"

Sauti ikatoka chini ya kanga, imebanwa. "Mama, mimi sioni anachofanya. Nitakwambiaje?"

Nyamizi akachuchumaa. "Ulikuwa unamwambia nini mama, mwanangu?"

"Vyote."

"Huyu ndiye alikuwa anauangalia ukuta," Mama Kabula alisema. "Mimi nasuka, yeye ananisomea. 'Mama, ameokota nywele za chini. Mama, sasa amegeuza mkono.' Basi mimi nafuata. Nilidhani kila nyumba wanafanya hivyo." Akafuta mafuta ya mikono kwenye gauni lake. "Jumamosi ijayo nampeleka Ukumbini, mama Shija, usinikasirikie. Nitakopa. Shuleni wamemcheka mpaka amekataa kwenda."

Kurudi nyumbani, hakuna aliyekaa.

"Tukiwafunua watoto," Mihayo alisema, "kesho yake tuko Kundi la Watoto. Unalijua hilo."

"Na tukiwafunika, mimi namfundisha nani? Hebu nitajie hata mmoja."

Tangu mwanzo Mihayo alikuwa anahesabu macho kama ukuta unavyohesabu, na hakuwahi kuuliza macho hayo yana kazi gani.

"Basi mmoja wetu ataosha vitana," akasema.

"Nilishakwambia mimi siendi."

"Sijasema wewe."

Nyamizi hakumshukuru wala hakumzuia. Aliingia jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi iliyofuata kigoda kilikuwa palepale. Nyamizi hakusalimia akina mama. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtu aliyekaa sakafuni.

"Nyinyi mliokaa chini," alisema, "toeni kanga, mnitazame. Leo naongea na nyinyi. Nikifanya kitu, mwambie mama. Nikisema kitu, mwambie mama. Akikuumiza, mwambie mama usivute. Tunaanza."

Kabla hajamaliza njia ya pili, Karani aliwahamisha, na akawatakia alasiri njema. Mihayo alikuwa ameshavaa ovaroli la kijani la Ukumbini. Alimwachia Nyamizi kamera-nzi zijiongoze zenyewe, akatoka kwenye varanda ndefu ya ghorofa yao.

Milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Katika mlango mmoja akasikia sauti nyembamba, "Mama, amesema usivute!" Katika mlango mwingine, "Bado, mama, bado hajafunga!" Kwa Mama Kabula, aliyekuwa ameahirisha kwenda Ukumbini, Kabula alikuwa anamgombeza mama yake kama fundi mkuu, na mama anaitikia, "Haya, haya, nimesikia."

Mihayo akapunguza mwendo mpaka mwisho wa varanda. Kisha akashuka ngazi haraka, maana Ukumbini mchelewaji anakatwa mshahara.